Video za uundaji wa bunduki za gumegume na stadi za walowezi wa mpakani: zipi zinafundisha kweli, na nianzie wapi?

Mpenda Tupa:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitazama video zinazofundisha namna mafundi wa Pennsylvania na Virginia katika karne ya 18 walivyounda bunduki za gumegume (zinazowashwa baruti kwa cheche za jiwe) zenye mtutu mrefu, pamoja na stadi nyingine za walowezi waliokuwa wakiishi mpakani mwa makoloni yale: kuwasha moto kwa jiwe na chuma, kulainisha ngozi ya kulungu, kutengeneza pembe ya baruti, kuchonga magogo ya kujengea nyumba. Kazi za chuma si ngeni kwangu. Nina fuawe ndogo na tanuri la mkaa, nimeshatengeneza visu na bawaba, na tupa naijua. Silaha sina, wala sina nia ya kuwinda au kulenga shabaha. Ninachotaka ni kuuelewa ufundi huu kwa mikono yangu mwenyewe, maana nimegundua kwamba jambo nililolitazama tu hunitoka kichwani baada ya wiki, na nililolifanya hubaki.

Kinachonitatiza ni kwamba video hizi hazisemi kitu kimoja. Katika baadhi yake fundi huanza na chuma bapa, akakikunja na kukiunganisha kwa moto na nyundo mpaka kikawa mtutu. Katika nyingine, fundi anayejiita wa jadi vilevile hufungua boksi, akatoa mtutu na mtambo (sehemu ya kufyatulia) vilivyokwisha kutengenezwa kiwandani, kisha akatumia saa zote zilizobaki kuchonga mti tu. Niliyoipenda kuliko zote ni filamu iliyopigwa Williamsburg, Virginia, na kutolewa mwaka 1969, ambamo fundi Wallace Gusler anaunda bunduki nzima, tangu chuma cha mtutu hadi skrubu, kwa zana za mkono. Tangu niitazame, kununua mtutu nakuona kama kuukimbia ufundi wenyewe.

Basi nikajaribu. Nilichukua chuma bapa chenye urefu wa shubiri mbili, nikakikunja kuzunguka ufito wa chuma, nikaiweka simu mbali kidogo na tanuri ikionyesha video, nikafuata hatua kwa hatua. Chuma kilipofikia rangi ya njano niliyoiona kwenye video, nilikitoa na kukipiga. Kwa nje kiungo kilionekana kimeshika vizuri kabisa. Lakini nilipokikata kwa msumeno na kuusugua mkato kwa tupa, niliuona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umefuata kiungo kuanzia ndani hadi nje. Nimerudia mara tatu na mstari haujaondoka.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Mstari huu unatoka wapi, na je, kazi kama hii inafundishika kweli kwa video? Nikinunua mtutu na mtambo, bado nitakuwa nafanya kazi ya jadi? Na zile stadi ndogo ndogo za mpakani ni mapambo ya video tu, au zina nafasi katika kujifunza kwangu?

Mhunzi wa Zamani:

Ndugu Mpenda Tupa, umefanya jambo la maana sana kukikata kiungo chako. Wengi huridhika na uso wa nje, na mtutu ni kitu ambacho uso wake wa nje haukuambii lolote juu ya usalama wake.

Mstari ule ni magamba ya chuma na takamavi (uchafu wa chuma unaoyeyuka motoni) vilivyobanwa katikati ya midomo miwili kabla haijashikana. Sababu ziko mbili, na zote mbili video imekuficha bila kukusudia. Ya kwanza ni rangi. Kamera hujirekebisha yenyewe kulingana na mwanga inaouelekea, na ikielekezwa kwenye moto huifanya picha nzima kuwa nyeusi zaidi, kiasi kwamba chuma ambacho kwa macho ya fundi aliyesimama pale kinakaribia weupe huonekana cha njano, au hata cha rangi ya chungwa, kwenye kioo cha simu. Chuma laini huungana kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,300 za Selsiasi, kwa hiyo ukiifuata njano ya simu unakitoa mapema mno. Fanya kazi penye kivuli, iache simu, uutazame uso wa chuma chenyewe: boraksi (ule unga wa kusafishia kiungo) ikishayeyuka na uso ukaonekana umelowa, unameremeta na kutembea kama mafuta moto kwenye kikaango, hapo umefika. Kikianza kurusha cheche nyeupe, umekwisha kupitiliza na chuma kinaungua.

Sababu ya pili ni chuma chenyewe. Chuma cha kufua cha karne ya 18 kilikuwa na nyuzi nyembamba za takamavi ndani yake, na nyuzi hizo zilipoyeyuka zilisaidia kukisafisha kiungo. Chuma cha kisasa hakina nyuzi hizo, hivyo hakikusamehe kosa: kinataka midomo iliyopigwa tupa hadi ikang'aa kabla ya kukunjwa, boraksi ya kutosha, na joto sahihi zaidi. Halafu mafundi wale hawakuunganisha urefu wote kwa pamoja. Walianzia katikati ya mtutu, wakaunganisha kipande cha sentimita chache kwa kila moto mmoja, kisha wakaelekea upande mmoja na baadaye mwingine. Ufito wa ndani uliingizwa chuma kikishatoka motoni na kuvutwa haraka, kwa sababu ukikawia hukipoza kiungo kwa ndani au hunasa humo humo. Mtutu wa zaidi ya mita moja ulirudi motoni mara nyingi kuliko mhariri yeyote wa video anavyoweza kuvumilia kutuonyesha.

Sasa nije kwenye hayo maneno yako ya "kuukimbia ufundi", ambayo siyakubali. Bunduki hizi zilizaliwa Pennsylvania mikononi mwa mafundi wa asili ya Kijerumani waliokuja na bunduki zao fupi za kuwindia zenye kipenyo kikubwa. Huko mtutu ukarefushwa na kipenyo kikapunguzwa, na Lancaster ikawa kitovu cha kazi hiyo. Lakini fundi wa Lancaster hakuwa mtu wa kufanya kila kitu peke yake msituni. Sehemu kubwa ya mitambo waliyoitumia iliagizwa kutoka Uingereza na Ujerumani, na palikuwa na karakana zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji ambazo kazi yake ilikuwa mitutu tu. Aliyetaka kujifunza aliingia kama mwanagenzi akiwa kijana, akakaa miaka kadhaa akivukuta moto na kupiga tupa kabla ya kuaminiwa na kazi nyeti. Filamu ya Gusler naiheshimu mno, na thamani yake iko katika kuthibitisha kwamba ujuzi wote ule ulikuwa bado unaweza kukusanywa katika mikono ya mtu mmoja. Haikukusudiwa kuwa picha ya siku ya kawaida katika karakana ya mwaka 1770. Kwa hiyo yule anayetoa mtutu kwenye boksi anakaribiana na desturi ya kale kuliko unavyodhani, ili mradi yanayofuata ayafanye kwa mikono yake.

Na yanayofuata ndiyo kazi yenyewe. Chukua mfano wa kuulaza mtutu kwenye mti wa mepo. Fundi huupaka mtutu masizi ya taa pande zote, akaulaza kwenye mfuo aliouchimba, akaugonga taratibu kwa kiganja, kisha akauinua. Pale mti ulipogusana na chuma pamebaki doa jeusi. Anachukua patasi na kuondoa madoa hayo tu, unyoya kwa unyoya, halafu anaupaka mtutu tena na kuulaza tena. Atarudia hivyo makumi kwa makumi ya mara, hadi siku mfuo mzima utakapotoka mweusi sawasawa na kipande cha karatasi kisipate pa kupenya kati ya mti na chuma. Katika video hatua hii huchukua dakika mbili na muziki juu yake. Hapo ndipo mimi huipima video: mwalimu anayeacha kamera itulie juu ya mikono yake bila kukata picha, na anayeonyesha patasi ilipoteleza na namna alivyoliziba kosa, huyo mfuate. Anayeonyesha kazi safi tupu, mtazame ukitaka kuburudika.

Kwa yule anayejua tupa kama wewe, ningeshauri uanze na mtambo wala si mtutu. Nunua sehemu zilizosubiwa ambazo bado hazijasuguliwa, uzipige tupa, utoboe, uzikalishe pamoja, utengeneze springi. Mtambo mmoja utakufundisha kufua, kukaza chuma (kukifanya kigumu kwa moto) na kukilegeza, kupima kwa jicho na kukata hesi za skrubu, na wote unaenea kiganjani. Mtutu uache kwa sasa. Ukitaka kuufahamu, tafuta video zinazoonyesha benchi la kukatia mifuo ya mzunguko ndani ya mtutu, maana hilo ni zana ninayoipenda kupita zote: gogo la mviringo lililochongwa njia za mzunguko huongoza fimbo yenye meno madogo ya chuma, na kila mfuo ukishafikia mwisho fundi huweka kipande cha karatasi chini ya meno ili yainuke kwa unene wa karatasi hiyo, akaanza upya. Mara nyingi mifuo ilikuwa saba, ikizunguka mara moja kwa urefu wa takriban mita 1.2.

Mchunga Sheria:

Naongeza jambo moja ambalo video nyingi hulipita haraka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu silaha huziweka bunduki za gumegume, pamoja na nakala zake za kisasa, katika kundi la silaha za kale, na ndiyo sababu walimu wengi wa video hizi wanazungumza kana kwamba hakuna kibali kinachohitajika. Hiyo ni sheria ya nchi yao, na hata humo majimbo hutofautiana. Nchi nyingine nyingi huihesabu bunduki ya gumegume inayoweza kufyatua kuwa silaha kamili, na kuiunda bila leseni ni kosa kubwa. Ulizia kwa mamlaka ya mahali ulipo kabla hujatoboa chochote, na uulizie pia kama mtambo peke yake, usio na mtutu, unahesabiwa vipi.

La pili ni la uhai. Mtutu ulioungwa na mwanafunzi usitiwe baruti kamwe, hata kwa majaribio, mpaka upimwe na mtu mwenye sifa na vifaa vya kupimia. Mstari mweusi alioueleza ndugu yetu ndio mahali mtutu unapopasukia. Na hata mtutu mzuri wa aina hii umeundwa kwa baruti nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huzalisha msukumo ambao mtutu huo hauwezi kuuhimili.

Binti wa Pembe:

Kaka Mpenda Tupa, mimi sigusi bunduki. Kazi yangu ni pembe na ngozi, na nimejifunza sehemu kubwa kwa video kama wewe. Umeuliza kama stadi ndogo ndogo ni mapambo. Nakuhakikishia kwamba sivyo, na nitaanza na ile iliyo karibu zaidi na mtambo unaoutaka.

Tengeneza chuma cha kuwashia moto. Ni kipande tu cha chuma kigumu kilichopindwa ili kienee vidoleni, lakini kina siri yote ya gumegume ndani yake. Watu hudhani cheche hutoka kwenye jiwe. Jiwe ni kisu tu: linakwangua vipande vidogo mno vya chuma, na vipande hivyo huwaka vyenyewe vikiwa hewani. Chuma kikiwa laini, jiwe linakikwaruza bila cheche; kikiwa kigumu sawasawa, cheche hutoka nyeupe na ndefu. Tupa kuukuu ni mali nzuri ya kuanzia. Ipashe moto mpaka sumaku isiishike tena, kisha uizamishe. Cheche zako zipokee kwenye kitambaa cha pamba au kitani kilichochomwa ndani ya kopo lenye tundu dogo mpaka moshi ukakoma. Na usilifungue kopo kabla halijapoa, kwa sababu hewa ikiingia kitambaa chote kinashika moto.

Pembe ya baruti nayo inafundisha subira ya kupima. Nilipoanza niliharibu pembe mbili kwa kosa lile lile: nilitoboa kutoka kwenye ncha nikidhani uwazi wa ndani umenyooka, keekee ikatokea ubavuni. Video niliyokuwa nikiifuata ilionyesha tundu likiingia moja kwa moja, bila neno juu ya mpindo. Baadaye mwalimu mwingine alionyesha jambo ambalo hadi leo nalifanya kila mara: ingiza waya mwembamba ndani ya pembe kutoka upande mpana mpaka ugote, weka alama kwenye waya, kisha uulaze juu ya pembe kwa nje ukiufuatisha mpindo ule ule. Hapo unaona uwazi unaishia wapi, na unajua utoboe kwa mwelekeo gani na kwa kina gani. Baada ya hapo ni kuchemsha ule mdomo mpana hadi ulainike, kuukalisha kwenye kizibo cha mti ili uwe mviringo, na kukwangua ukuta wa pembe mpaka uinue juani na uone kivuli cha kidole chako upande wa pili. Fundi wa zamani aliuona kiasi cha baruti iliyobaki kwa njia hiyo hiyo.

Kuhusu ngozi, nina jambo ambalo ningependa walimu wa video waliseme kwa sauti kubwa zaidi. Ngozi laini ya kulungu iliyotengenezwa kwa ubongo wa mnyama, iliyokwanguliwa pande zote mbili, ikasuguliwa kwa ubongo uliopondwa katika maji ya uvuguvugu, ikakamuliwa na kunyooshwa bila kupumzika hadi ikauke, kisha ikafukizwa moshi ili isirudi kuwa ngumu ikilowa, ni ujuzi wa wenyeji wa Amerika. Vivyo hivyo viatu laini vya ngozi ambavyo walowezi walivivaa. Ile iliyoitwa mpaka ilikuwa nchi ya Washawnee, Wacherokee, Walenape na wengine, na bunduki hizi ndefu zilibebwa na pande zote mbili. Mwalimu akifundisha ngozi bila kuwataja, namwamini kidogo hata katika mengine, kwa kuwa amenionyesha kwamba hakutafuta kazi hiyo ilikotoka.

Tafadhali usijaribu kuchonga mawe ya gumegume ndani ya chumba kilichofungwa. Kule Brandon, katika kaunti ya Suffolk nchini Uingereza, ambako jeshi la Waingereza lilipata mawe yake, wachongaji wengi walikufa kwa maradhi ya mapafu yaliyoletwa na vumbi la jiwe. Chonga nje, upepo ukiwa mgongoni, uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini, au nunua yaliyokwisha kuchongwa. Na madini ya risasi yakiyeyushwa, iwe nje vilevile, na tone moja la maji lisikaribie chungu: hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi yote usoni.

Mpenda Tupa:

Shikamoo Mzee Mhunzi, na ahsanteni sana nyote. Nimekaa kimya kwa majuma sita kwa sababu nilikuwa kazini.

Mtutu nimeuacha. Nilirudia kiungo kimoja penye kivuli, bila simu, kwa chuma nilichokisugua kwanza, na safari hii mstari ulipotea karibu sehemu yote isipokuwa mwishoni. Nimekitundika ukutani kikiwa kimekatwa, kinikumbushe. Mamlaka nilizoziuliza zimenieleza kwamba mtambo peke yake, bila mtutu, hauna kizuizi hapa nilipo. Dada Binti wa Pembe, chuma cha kuwashia nilikitengeneza kwa tupa kuukuu kama ulivyosema, na kitambaa kilishika cheche katika pigo la nne. Nilisimama nikiitazama ile nukta nyekundu ikitambaa kwenye kitambaa cheusi, na nikaelewa kitu ambacho saa nyingi za kutazama hazikuwa zimenieleza.

Mtambo sasa unafanya kazi, springi zinashika, nyundo inayoshika jiwe inaanguka vizuri. Ila lile bamba linalogongwa na jiwe linatoa cheche tatu au nne tu, nyekundu iliyofifia, na zinazimika kabla ya kukifikia kisahani cha baruti. Jiwe ni jipya. Kisahani ni kitupu wakati wote. Kosa ni la jiwe, la springi, au la bamba?

Mhunzi wa Zamani:

Marahaba, mwanangu. Cheche nyekundu na fupi karibu kila mara ni bamba. Sehemu zilizosubiwa huuzwa zikiwa laini ili tupa iziweze, na kuzikaza ni kazi ya mnunuzi. Chukua tupa nzuri, uipitishe taratibu kwenye ukingo wa uso wa bamba, mahali ambapo jiwe halifiki. Ikiuma na kutoa unga, bamba halijakazwa. Ikiteleza kama juu ya kioo, limekazwa na utafute kosa kwingine. Kama ni laini, fuata alichokuelekeza Binti wa Pembe juu ya sumaku, ulizamishe kwenye mafuta, kisha ule mkia wa chini tu, unaokanyagwa na springi, uupashe upya hadi rangi ya buluu ili usivunjike, uso wa juu ukiwa umeufunika kwa kitambaa kilicholowa ili joto lisiufikie.

Kabla ya yote hayo, lipake bamba masizi na uiache nyundo ianguke mara moja. Soma mkwaruzo. Unatakiwa uanze kwenye theluthi ya juu ya uso na kushuka mfululizo hadi karibu na chini. Ukianzia katikati, jiwe limekaa chini mno: ligeuze, ule mshazari uangalie upande wa pili, ulikaze tena kwenye kipande cha ngozi kinacholishikilia, kisha upake masizi na ujaribu upya. Tuandikie mkwaruzo umeanzia wapi.